Jahazi lisilo na nahodha linakaa baharini mwaka mzima kwa upepo na jua. Kwa nini kwetu hatulioni?

#1 Tanga Tatu
Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima. Kijana wangu alinionyesha kwenye simu chombo cha rangi ya machungwa, urefu wake mita 7. Tanga lake si kitambaa, ni bawa gumu lililosimama wima kama mita 5. Ndani hamna mtu, hamna injini, hamna tangi la mafuta. Upepo ndio unaokisukuma, paneli za sola zinalisha kamera na vipimo, na kinaweza kukaa baharini hadi miezi 12. Kinaitwa Saildrone, kinatengenezwa Alameda, California. Mwaka 2019 kimoja kilitoka Bluff, New Zealand, kikaizunguka Antaktika nzima kwa siku 196, kama kilomita 22,000, kikarudi pale pale kilipong'olea nanga.

Mimi nimezaliwa nyumba ya wavuvi. Baba alikuwa akitoka nje alfajiri, anasimama kidogo akipokea hewa usoni, kisha anasema leo twende au leo tulale. Mwaka mmoja, Kusi inavuma na bahari imechafuka, kaka yangu na wenzake wawili walipotelea nje ya Pemba siku nne. Sisi wa ufukweni hatukuwa na jicho hata moja huko nje. Mama alikuwa anakaa chini ya mkwaju anatazama maji, basi. Walipona kwa sababu jahazi la watu lilipita njia ile.

Sasa nauliza. Chombo kinachokwenda kwa pepo hizi hizi tulizonazo bure tangu enzi za mababu, mbona hatukioni kwetu kikilinda samaki, bandari na watu? Ni pesa? Ni sheria? Ni utaalamu? Au hatujataka?

#2 Sola Mtaani
Pesa, mkuu. Kwa kawaida wale hawakuuzii chombo, wanakukodisha kazi yake. Chombo kinabaki chao, wewe unalipia taarifa. Nchi yenye bajeti ya doria inayosuasua haiwezi kulipia taarifa mwaka mzima.

#3 Bergen Baridi
Salaam kutoka Norway. Nafanya kazi kwenye karakana ya vipimo vya bahari, kwa hiyo naomba nirekebishe kidogo #1. "Hamna mtu" ni kweli ndani ya chombo tu. Ufukweni wapo watu wanaokifuatilia kwa setilaiti usiku na mchana. Wanakipa vituo vya kupitia, chenyewe kinatafuta namna ya kufika kwa upepo uliopo. Nyuma ya bawa kubwa kuna kijibawa kidogo kinachogeuzwa kwa umeme kidogo mno, nacho ndicho kinachoelekeza bawa lote. Ndiyo maana betri ndogo inatosha.

Halafu msidhani lazima kiwe kikubwa. Hapa Bergen kuna kingine, Sailbuoy, mita 2 tu. Mwaka 2018 kilivuka Atlantiki kutoka Newfoundland hadi Ireland kwa siku 80, cha kwanza kisicho na mtu kuivuka kwa tanga. Mita 2, ndugu zangu. Mtumbwi wa mtoto unazidi hapo.

#4 Mzee wa Ngalawa
Kijana wa #3, nieleze. Kikikabiliwa na upepo kinafanyaje? Kinabisha?

#5 Bergen Baridi
Ndiyo mzee, kinabisha kama jahazi, mara huku mara huku. Shikamoo.

#6 Mzee wa Ngalawa
Marahaba. Basi kina akili. Wapo vijana wa siku hizi wasiojua kubisha, upepo ukiwa wa mbele wanawasha mashine.

#7 Kibokoni
Mzee hapo umewapiga vijana wa Mombasa wote 😂

Ila nami niwape cha kwangu. Kipo kingine kisichotumia tanga kabisa, chaenda kwa mawimbi. Chaitwa Wave Glider. Juu kuna ubao unaoelea wenye paneli za sola, chini yake, kama mita 8, kuna fremu yenye mapezi, vimeunganishwa kwa waya mmoja. Mwaka 2011 vinne vilitoka San Francisco, na kimoja, Papa Mau, kikafika Queensland, Australia mwishoni mwa 2012. Zaidi ya maili 9,000 za baharini kwa sola peke yake!

#8 Bergen Baridi
@Kibokoni habari ni ya kweli ila sola haikukisukuma. Sola ni ya vipimo na mawasiliano. Kinachokisukuma ni wimbi lenyewe. Juu maji yanapanda na kushuka, chini kumetulia, na tofauti hiyo inayapigisha yale mapezi yaende mbele.

Na jina lile lina historia. Mau Piailug alikuwa nahodha wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia. Mwaka 1976 aliongoza mtumbwi wa matanga Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala ramani, kwa nyota na mkao wa mawimbi. Waliotengeneza roboti wakaona jina lake ndilo linalofaa.

#9 Tanga Tatu
#8 umenigusa sana. Nahodha wa visiwani aliyesoma mawimbi kwa mwili wake ndiye aliyeheshimiwa na watu wa kompyuta. Na sisi tunao wazee wanaojua maleleji, kile kipindi cha kati ya Kaskazi na Kusi, inaanza siku gani kwa kutazama mawingu ya upande wa bara. Hakuna anayewauliza.

#10 Mpiga Doria
Wakuu, nimewahi kufanya kazi za doria, sitasema wapi. Nawaambia ukweli wangu: shida si macho. Shida ni mikono.

Chombo cha #1 kinakwenda kwa wastani wa noti mbili tatu, yaani maili mbili tatu za baharini kwa saa. Meli ya kuvua inayokimbia inakwenda noti kumi na zaidi. Kitaiona, kitaipiga picha, kitatuma. Halafu? Nani anakwenda kuikamata? Boti iko wapi, mafuta yako wapi, posho ya mabaharia iko wapi? Tumewahi kupokea taarifa nzuri kabisa, mahali na saa, tukakaa nayo ofisini kwa sababu boti ilikuwa juu ya mawe inasubiri kipuri. Nilitazama ile alama kwenye skrini mpaka ikatoka nje ya mpaka. Usiku ule sikulala.

#11 Bint Shangani
@Mpiga Doria pole, na umesema kweli, ila macho nayo hatuna. Kumbukeni ile meli iliyoshikwa Machi 2009 kwa tuhuma za uvuvi haramu, Tawariq 1, iliyozaa msemo wa "samaki wa Magufuli" kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Karibu tani 300 za samaki. Ilikamatwa na nani? Doria ya pamoja ya nchi jirani, kwa meli ya Afrika Kusini, Sarah Baartman. Meli ile isingekuwa inapita siku zile, nani angeiona?

#12 Mpiga Doria
Na kesi iliishaje? Nahodha alihukumiwa 2012, rufaa ikamwachia 2014. Ndiyo mikono ninayoisema. Ushahidi, mahakama, kila kitu.

#13 Dagaa Mchele
Samaki wale nilikula shuleni. Hadi leo nakumbuka.

#14 Sola Mtaani
@Dagaa Mchele walikuwa watamu?

#15 Dagaa Mchele
Walikuwa wengi mkuu, utamu hatukuuliza.

#16 Mwanasheria Pwani
Turudi kwenye mada. Hakuna aliyegusa sheria. Kanuni za kuzuia migongano baharini za 1972, kanuni ya 5, zinataka kila chombo wakati wote kiwe na uangalizi wa kuona na kusikia. Kamera ni jicho? Maikrofoni ni sikio? Wanasheria wa bahari bado wanabishana. IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, ina ratiba ya mwongozo wa meli zinazojiendesha, kwanza wa hiari 2026, kisha wa lazima kuanzia 1 Januari 2032. Lakini huo unalenga meli za mizigo, hivi vidogo vimebaki pembeni.

La pili ni zito zaidi. Mkataba wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 246, unasema utafiti wa kisayansi ndani ya ukanda wa kiuchumi wa nchi unahitaji ridhaa ya nchi hiyo. Chombo cha kampuni ya nje kikipita Pemba kinapima joto la maji, samaki na umbo la sakafu ya bahari, taarifa zile ni za nani? Sakafu ya bahari ni siri ya nchi. Nadhani hapa ndipo penye ugumu, wala si pesa.

#17 Muscat Mjengoni
Ahlan wa sahlan. Mwanasheria kagusa penyewe. Mimi niko Omani miaka 11, huku Ghuba vyombo hivi si vigeni, kwa sababu jeshi la majini la Marekani lilianzisha kikosi chake cha vyombo visivyo na watu, Task Force 59, Bahrain, Septemba 2021. Mwisho wa Agosti 2022 meli ya Iran ikafunga kamba Saildrone moja ikaanza kuivuta. Siku chache baadaye, Bahari ya Shamu, meli nyingine ya Iran ikazipandisha mbili sitahani kabisa. Zilirudishwa zote, ila Wamarekani walisema zile mbili zilirudi bila kamera.

Kwa hiyo kila nchi ikiona kile kibawa inajiuliza hiki kinapima samaki au kinanipima mimi. Hilo ndilo jibu la swali la #1. Hofu.

#18 Kibokoni
Iran jeshi zima lachukua kamera, sembuse sisi na njaa zetu. Kule Kipini chombo chenye paneli nne kikielea peke yake, usiku mmoja tu paneli zishafika kijijini zawasha taa.

#19 Mzee wa Ngalawa
Usiwaseme vibaya watu wa Kipini. Mvuvi haibi chombo cha mwenzake. Anaiba kile asichojua ni cha nani. Ukija na chombo, njoo kwanza kwa wazee, uwaambie hiki kinasikiliza dhoruba ili watoto wenu warudi. Watakilinda kuliko polisi.

#20 Bint Shangani
Mzee umenena, na kuna ushahidi. Mradi wa maboya ya hali ya hewa ya Bahari ya Hindi, RAMA, ulikwama upande wetu wa magharibi miaka ya uharamia wa Somalia, na maboya mengine yaliharibiwa na wavuvi waliovua karibu nayo. Samaki hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, na mvuvi analijua hilo kuliko mtafiti. Matokeo yake bahari yetu ikawa haipimwi vizuri.

Jambo jingine, naliona ndilo kubwa kuliko samaki. Vimbunga. Septemba 2021 Saildrone moja, namba 1045, iliingizwa makusudi ndani ya kimbunga Sam, Atlantiki. Upepo zaidi ya kilomita 190 kwa saa, mawimbi mita 15, nayo inatuma picha. Waliipa bawa fupi ili isivunjike. Lengo ni kupima joto linalotoka majini kwenda hewani, maana hilo ndilo chakula cha kimbunga. Nasi Mei 2024 Hidaya ilitua Mafia. Tukizoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji tunajidanganya. Waulizeni wazee wa Lindi habari za 1952.

#21 Nyamagana
Mimi ni wa ziwani, mnivumilie. Mnabishana juu ya vyombo vya Wazungu kana kwamba ni lazima tununue. Mimi na wenzangu wawili Mwanza tumeunda boti ndogo ya faiba, paneli mbili, betri, mota ya umeme, na kipimo cha kina cha bei nafuu. Tunaipitisha karibu na vizimba vya samaki kupima joto na oksijeni, kwa sababu maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda ghafla sato wanakufa kizimba kizima asubuhi moja. Nimemwona mama akitoa samaki waliokufa kwa beseni huku analia, mkopo bado haujalipwa. Boti yetu ilifanya kazi siku 9. Siku ya 10 ikanasa kwenye magugu maji, ikalala ubavu. Tuliifuata kwa mtumbwi.

Kwa hiyo mimi nasema si pesa, si sheria, si hofu. Hatujaunda za kutosha tukashindwa za kutosha.

#22 Sola Mtaani
@Nyamagana heshima kwako mkuu. Nakiri #2 nilijibu haraka.

#23 Mpiga Doria
Hongera kijana. Ila ziwa si bahari.

#24 Nyamagana
Ziwa Victoria likichafuka utalisalimia kwa jina lake lote, mkuu.

#25 Fundi Kalafati
Nimesoma tangu #1 nikanyamaza. Hakuna aliyetaja adui mkubwa wa chombo kinachokaa majini, nao ni wale vijidudu wenye ganda wanaong'ang'ania mbao. Bahari yetu ni ya joto, wiki chache tu chini kumeshakwaruza kama tupa. Jahazi lisipopandishwa likakwanguliwa na kupakwa shahamu, linakuwa zito, halisikii usukani. Chombo cha mwaka mzima bila kupandishwa pwani kwetu? Kule Antaktika maji ni barafu. Waje na hapa tuone.

#26 Bergen Baridi
Fundi uko sahihi kabisa, hilo ndilo linalotusumbua hata sisi. Kuna rangi za kuzuia, lakini maji ya joto yanazishinda, na mwendo unapungua mwezi hadi mwezi. Ndege nao wanachafua paneli.

Na tuwe wakweli kuhusu "nishati safi". Ile Saildrone kubwa, Surveyor, ya mita 22, inayopima sakafu ya bahari, ina injini ya dizeli ya akiba. Ilitoka San Francisco ikafika Honolulu kwa siku 28 mwaka 2021 kwa upepo na jua kwa sehemu kubwa, lakini dizeli imo. Vipimo vya sauti vya kufika chini kabisa vinakula umeme mwingi.

#27 Kibokoni
Na ile Mayflower, meli inayojiendesha iliyofika Marekani 2022 bila mtu, je?

#28 Mwanasheria Pwani
@Kibokoni haikufika Marekani moja kwa moja. Ilielekea Washington, ikapata hitilafu njiani, ikapitia Azores, ikafika kwanza Halifax, Kanada, tarehe 5 Juni 2022, ndipo baadaye ikaenda Plymouth, Massachusetts. Nayo ilikuwa na jenereta ya dizeli pamoja na sola. Mwaka 2021 ilijaribu mara ya kwanza ikarudi.

#29 Kibokoni
Sawa wakili, kwanza Kanada. Nimekosea bara au nchi?

#30 Mwanasheria Pwani
Nchi ya kwanza tu. Bara umepata.

#31 Bint Shangani
Jambo moja la kwetu kabisa. Baruti. Mwaka 2015 watafiti waliteremsha maikrofoni ya chini ya maji wakapita nayo pwani yote ya Tanzania. Walisikia milipuko 318, na zaidi ya asilimia 60 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Si porini, ni pale mjini. Kila mlipuko ni tumbawe lililochukua miaka mingi kukua.

Sasa fikirieni chombo kisicho na injini, kimya, kinasikiliza mchana na usiku. Mashine yake haifuniki sauti, kwa kuwa mashine hakina. Wave Glider ya #7 chimbuko lake ni hilo hilo, mtu alitaka kusikiliza nyangumi wa Hawaii wakiimba bila kelele za meli. Chombo kidogo kama cha Nyamagana, kutoka kisiwa cha Mbudya hadi cha Bongoyo, kingetosha kuanza.

#32 Mpiga Doria
Na ukishasikia mlipuko?

#33 Bint Shangani
Unajua saa na mahali. Ukijua kwamba ni kila Jumanne alfajiri upande ule ule, huhitaji boti ya kasi. Unahitaji kumsubiri ufukweni anakoteremsha samaki, kwa miguu.

#34 Mpiga Doria
Hapo umenipata. Sikuwa nimewaza kwa miguu.

#35 Muscat Mjengoni
Bado Wakashio. Mauritius, Julai 2020, meli ya mizigo ilipanda mwamba, mafuta kama tani 1,000 yakamwagika kwenye matumbawe. Ilikuwa inaonekana wazi kwenye AIS, mfumo wa redio unaotangaza meli iko wapi, haikujificha. Uchunguzi ulisema ilisogezwa karibu na ufuo kutafuta mtandao wa simu. Macho yalikuwepo. Namuunga mkono Mpiga Doria wa #10, si huyu wa #34.

#36 Sola Mtaani
Bandarini je? Rotterdam wana WasteShark, boti ndogo ya umeme inayokula taka juu ya maji kwa mdomo mpana kama papa potwe. Aliyeianzisha, Richard Hardiman, ni wa Afrika Kusini. Nikipita feri Kigamboni naona chupa zinaelea, roho inauma.

#37 Dagaa Mchele
Papa potwe wa Mafia wamepata jamaa yao Uholanzi.

#38 Tanga Tatu
Ahsanteni wote. Nimesoma kila neno, mengine nimemsomea kaka yangu, yule wa siku nne. Yeye anasema sababu zote mlizotaja ni za watu wa nchi kavu. Anasema wakiwa kule, siku ya tatu, waliona taa ya meli mbali sana, wakawasha tochi mpaka ikafa. Anauliza tu, hicho chombo kingekuwepo, kingeiona tochi?

#39 Bergen Baridi
Mwambie kaka, kamera zipo pande zote na picha zinapita kwenye programu inayotafuta vitu juu ya maji. Tochi usiku, kwa karibu, naamini ingeonekana. Kwa mbali, na mawimbi ya Kusi, siwezi kumdanganya.

#40 Tanga Tatu
Nimemwambia. Amesema sawa.

#41 Fundi Kalafati
@Nyamagana, boti yako ililala ubavu kwa nini? Magugu peke yake hayalazi chombo. Betri uliiweka wapi?

#42 Nyamagana
Juu, chini ya paneli, ili isilowe.

#43 Fundi Kalafati
Ndiyo maana. Betri ni farumi, uzito wa kutuliza chombo, inakaa chini kabisa kwenye ngama, sakafuni mwa chombo, si juu. Jenga sanduku lisilopitisha maji uizamishe chini. Nitumie urefu, upana, uzito wa betri na kina cha maji ya pale unapoanzia. Mkuku nitakuchongea wa mvule, nauli ya basi tu utalipa wewe.

#44 Nyamagana
Urefu mita 2 na nusu, upana sentimita 70, betri kilo 18. Kina cha kuanzia kama mita moja. Lini fundi?

#45 Fundi Kalafati
Mita moja ya maji. Basi mkuku usizidi sentimita 60. Nipe wiki mbili.